Kupima flaneli ya bei nafuu kabla ya kushonea mfarishi

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wanaoanza kushona mifarishi ya viraka ni hili: "Nimeona flaneli Kiyembe, mtaa wa vitambaa hapa Kampala, laini sana, na bei yake haiumi. Ninunue au niache?" Wengine huuliza wakiwa wamekwisha kushona. Mfarishi umefuliwa mara moja tu, na tayari viraka vimevutana, mishono imefunguka, na nyeupe imekuwa ya waridi. Mwongozo huu ni wa wote wawili, ila nitafurahi zaidi ukiusoma kabla hujatoa pesa.

Jua kwanza jambo moja. Flaneli ya pamba ni kitambaa cha kawaida ambacho, kikishafumwa, hupitishwa kwenye magurudumu yenye meno ya waya. Meno hayo hukwangua uso wake mpaka nyuzi zitoe manyoya. Manyoya hayo ndiyo ulaini na ndiyo joto, na hayo hayo ndiyo yanayoziba matundu ya kitambaa kilichofumwa kwa uchoyo wa nyuzi. Mtengenezaji anayebana gharama hufuma wazi wazi, hukwangua sana, kisha hutia wanga ili kitambaa kiwe kizito mkononi. Dukani kinapendeza. Ndiyo maana ulaini wa dukani haukuambii lolote kuhusu uimara. Mwanga, maji, mizani na cherehani ndivyo vitakavyokuambia.

Bei nafuu yenyewe haina ubaya. Hata flaneli dhaifu ina kazi yake ndani ya mfarishi, mradi ujue kuwa ni dhaifu kabla hujaikata.

Uwe na vitu hivi

- Tepu ya fundi, rula na mkasi unaokata vizuri
- Sindano ya mkono na uzi wa rangi inayoonekana wazi juu ya kitambaa chako
- Kitambaa kikuukuu cheupe cha pamba
- Beseni, maji ya moto na sabuni ile ile unayofulia siku zote
- Pasi, ya umeme au ya mkaa
- Mizani inayosoma gramu. Kama huna, jirani mwenye duka la rejareja anayo
- Kiberiti, kibanio cha chuma na bakuli la maji
- Cherehani yenye sindano mpya namba 14 (pengine imeandikwa 90)
- Nusu mita ya kitambaa chenyewe

Hiyo nusu mita inunue, usiombe sampuli. Wauzaji wengi hawapendi kukata kidogo kwenye jora, na kipande cha kiganja alichokupa mtu kwa huruma hakitoshi kwa vipimo vilivyoko hapa chini.

Ukiwa sokoni

1. Uliza, kisha hakikisha mwenyewe. "Hajati, hii ni pamba?" "Pamba tupu, mwanangu." Jibu hilo utalipata pia mbele ya kitambaa ambacho hakijawahi kuiona pamba. Usibishane, geuza kitambaa kwenye mwanga. Kuna vitu viwili vinavyouzwa kwa jina la flaneli. Cha kwanza ni flaneli ya pamba: haing'ai, manyoya yake ni mafupi, na ukiikunja kwa kidole alama hubaki. Cha pili ni poliesta ya manyoya kama ya blanketi: hung'aa kidogo, huteleza mkononi, na manyoya yake marefu hulala upande mmoja. Kwa viraka vya mfarishi unatafuta ya pamba.

Uliza na upana, halafu upime mwenyewe kwa tepu. Flaneli huja kwa upana mbalimbali, kwa mfano sentimita 90, 110 au 150, na bei ya mita moja haina maana mpaka ujue upana wake.

2. Itazame kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani ya maduka huficha mengi. Omba kutoka na ncha ya jora hadi mlangoni, ifungue iwe safu moja tu, uinue juu kuelekea mbingu. Weka mkono wako nyuma yake. Ukiviona vidole waziwazi hata ukaweza kuvihesabu, ufumaji ni mwepesi mno. Tazama pia kama mwanga unapita sawasawa. Mistari myepesi, mabaka ya giza na mabaka ya mwangaza ni dalili kuwa kitambaa kitasinyaa bila mpangilio: hapa sana, pale kidogo. Rangi nzito huzuia mwanga, kwa hiyo linganisha jeusi na jeusi, na la maziwa na la maziwa.

3. Sugua, kisha kwaruza. Kunja kitambaa uso kwa uso, usugue kwa nguvu kama mtu anayefua kola ya shati, mpaka uhesabu thelathini. Fungua utazame. Manyoya kidogo kwenye kiganja ni kawaida. Vikijitokeza vidonge vidogo vidogo vya manyoya hapo hapo, fahamu kwamba juu ya mfarishi vitaongezeka kila unapolaliwa. Ukipata vumbi jeupe vidoleni, huo ni wanga, nao utaondoka wote kwenye maji ya kwanza.

Sasa kipimo ninachokithamini kuliko vyote vya sokoni. Vuta kipande kikaze kati ya mikono miwili, weka ukucha wa dole gumba juu yake, uukokote kwa nguvu kukatiza nyuzi. Nyuzi zikitengana na kuacha njia nyembamba, pitisha kidole juu yake taratibu. Njia ikifungika, sawa. Ikibaki wazi, hivyo hivyo ndivyo nyuzi zitakavyoukimbia mshono wako. Mimi kitambaa cha namna hiyo sikiweki juu ya mfarishi, hata kikiuzwa nusu bei.

4. Vuta, halafu tazama nyuma. Vuta kwa urefu: kisogee kidogo sana. Vuta kwa upana: kitakubali zaidi. Vuta mshazari: kitanyooka sana, na hilo ni la kila flaneli. Unachotafuta ni kurejea. Ukikiachia, kirudi mahali pake bila kuacha tumbo.

Kisha geuza upande wa nyuma. Kwenye flaneli za miraba, rangi ikiwa sawa mbele na nyuma, nyuzi zilitiwa rangi kabla ya kufumwa, na mara nyingi hiyo ndiyo bora. Rangi ikiwa mbele tu, maua, dubu na bata wale wa vitambaa vya watoto wamechapwa juu. Hapo kunja pindo kwa pindo uone kama mistari ya mchoro inakutana. Mchoro uliochapwa kombo kwa sentimita moja au mbili hauna tiba: ukifuata mchoro unakata nyuzi kombo, na ukifuata nyuzi mchoro unalala. Miraba iliyofumwa ikiwa kombo, walau unaweza kuilowesha na kuivuta mpaka inyooke.

Ukifika nyumbani

5. Pima uzito kabla ya kukata chochote. Pima nusu mita yako kwa gramu. Kisha tafuta eneo lake: urefu mara upana, kwa mita. Nusu mita yenye upana wa sentimita 110 ni 0.5 × 1.1, yaani mita za mraba 0.55. Gawanya gramu kwa eneo hilo. Ukipata gramu 82 kwenye mizani, 82 ÷ 0.55 ni karibu gramu 150 kwa mita ya mraba.

Kwa kupima kwangu, chini ya 120 ni nyepesi na haifai kuwa uso wa mfarishi. Kati ya 140 na 180 ni mahali pazuri. Ikipita 200 ina joto jema, lakini pale mishono minne inapokutana utapata kifundo ambacho cherehani nyingi za nyumbani hulalamika kukipita. Kumbuka kuwa wanga nao una uzito. Pima tena baada ya kufua na kukauka. Kipande kikipungua sana, ulikuwa unanunua wanga.

6. Choma kiuzi. Chomoa nyuzi chache za urefu na chache za upana, uzichome kando kando, kwa sababu wakati mwingine upande mmoja ni pamba na mwingine umechanganywa. Shika kwa kibanio, juu ya bakuli la maji, mbali na pazia na watoto. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini la kijivu linalopukutika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Ukipata jivu lenye chembe ngumu, ni mchanganyiko. Mchanganyiko husinyaa kidogo kuliko pamba, lakini vidonge vyake havidondoki, kwa kuwa poliesta huvishikilia.

Onyo: usichome kipande kizima. Manyoya ya flaneli ya pamba husambaza moto haraka ajabu. Uingereza, mnamo 1913, ilifikia kutunga sheria juu ya kuuza vitambaa kwa madai kuwa haviwaki, na flaneli ya pamba ilikuwa kiini cha hofu hiyo. Mfarishi wa mtoto usilazwe karibu na tadooba (kibatari cha mafuta ya taa) wala sigiri, hata uwe wa flaneli bora kiasi gani.

7. Jaribu rangi, kavu na mbichi. Sugua kitambaa cheupe kikavu juu ya flaneli, kisha kiloweshe na usugue mahali pengine. Alama hafifu ikiwa mbichi inavumilika. Alama ikitoka hata kikavu, rangi imekaa juu juu na itachuja. Nyekundu, nyeusi na buluu nzito ndizo za kuogopa kwanza. Halafu weka kipande kidogo ndani ya kikombe cha maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, uache mpaka maji yapoe.

8. Fua mraba. Hapa usifanye haraka. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30. Ndani yake pima mraba wa sentimita 25 kamili, na katika kila kona yake piga mishono midogo miwili kwa uzi wa rangi inayoonekana. Kalamu usiitumie, kwa sababu manyoya yakisimama baada ya kufuliwa alama hupotea. Andika, au shona, mshale wa kuonyesha upande wa urefu wa jora.

Fua kwa maji ya moto na sabuni, kamua, anika juani, piga pasi bila kukivuta. Pima tena kutoka kona hadi kona. Katika mraba wa sentimita 25, kila milimita 2.5 iliyopungua ni asilimia 1. Ukikuta urefu umekuwa sentimita 23.5, kitambaa kimerudi, yaani kimesinyaa, asilimia 6. Fua mara ya pili upime tena, maana flaneli nyingi za bei ya chini huendelea kurudi hata baada ya maji ya kwanza.

Pamba ya kawaida ya viraka hurudi karibu asilimia 3 hadi 5. Flaneli ikifika 5 au 6 ni kawaida yake. Ikifika 10, bado unaweza kuitumia, lakini ifue yote mara mbili kabla ya kukata, na ununue ya ziada. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tofauti kubwa kati ya urefu na upana, mfano 9 kwa 2, kwa sababu viraka viwili vilivyoelekezwa tofauti vitavutana milele.

Pima pia mishazari yote miwili ya mraba huo. Kabla ya kufua kila mmoja ulikuwa karibu sentimita 35.4. Ukikuta mmoja ni 34 na mwingine 32.5, mraba umepinda ukawa kama almasi. Kitambaa hicho kilinyooshwa kwa nguvu kiwandani, na kila kiraka chake kitajipinda vivyo hivyo.

9. Shona na uvute. Chukua vipande viwili vilivyofuliwa, urefu wa sentimita 10, uviunganishe kwa mshono wa milimita 6 ambao wengi hutumia kwenye viraka. Weka hatua ya mshono kati ya milimita 2.5 na 3. Shika pande zote mbili uvute kwa nguvu, huku ukiutazama mshono kwenye mwanga. Ukiona ngazi ya vitundu kando ya uzi, rudia kwa mshono wa milimita 12. Ukishika, kitambaa kinafaa kwa mshono mpana, nawe ongeza nafasi hiyo kwenye kila kiraka. Kisiposhika hata hapo, kisiwe juu ya mfarishi.

10. Piga hesabu ya bei halisi. Chukua bei hizi za mfano tu. Flaneli A ni shilingi 8,000 kwa mita, upana sentimita 90, inarudi asilimia 10 kwa urefu na 5 kwa upana. Baada ya kufua, mita yako imebaki 0.90 × 0.855, kama mita za mraba 0.77, na kila mita ya mraba imekugharimu karibu shilingi 10,400. Flaneli B ni shilingi 10,500, upana 110, inarudi 4 na 2. Imebaki kama mita za mraba 1.03, karibu shilingi 10,150. Ile "ghali" ndiyo nafuu, na bado hujahesabu mishono itakayofumuka.

Ipe kila flaneli mahali pake

Iliyofaulu kote iende juu. Yenye mshono mzuri ila mchoro kombo ifae mgongoni, yaani upande wa chini wa mfarishi, mahali ambapo inakaa nzima bila kukatwa viraka. Nyepesi, isiyochuja, iliyofuliwa mara mbili, iweke katikati badala ya pamba nene. Kwa Kampala, Jinja au Arua, safu moja ya flaneli katikati inatosha kabisa. Kwa Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, au Kapchorwa, hutajuta ukiweka pamba nene katikati na flaneli mgongoni. Inayochuja bila kikomo nisingeiweka popote ndani ya mfarishi wenye rangi nyepesi.

Na kabla hujamalizia pesa kwenye majora, pita Owino, soko la mitumba la Kampala. Mashati, mashuka na pajama za flaneli za mitumba zimekwisha kurudi zote zilipokuwa zinafuliwa na wenyewe, na tabia yake unaiona kwa macho. Tazama viwiko, kola na makalio: mahali hapo pakiwa bado hapajatoa vidonge, kitambaa ni cha kuaminika. Mgongo wa shati kubwa la mwanamume unatoa viraka vingi vizuri, na shuka moja la flaneli linaweza kuwa mgongo wa mfarishi mzima wa mtoto. Liinue kwenye mwanga kwanza, kwa sababu katikati ya shuka huwa pamechakaa kuliko kingoni. Kwa maoni yangu, anayeanza na mfuko mdogo apite huku kabla ya kwenda kwenye majora.

Makosa yanayorudiwa

Kuchanganya flaneli iliyofuliwa na isiyofuliwa katika mfarishi mmoja. Kununua mita kamili bila ziada: ongeza walau robo mita kwa kila mita mbili. Kupima mraba ukiwa na unyevu. Kusukuma pasi mbele na nyuma. Flaneli inyanyulie pasi na uiweke, la sivyo unainyoosha. Kurudi dukani baada ya mwezi ukidhani jora la pili ni sawa na la kwanza: rangi inaweza kufanana na ufumaji ukawa mwingine, kwa hiyo nenda na kipande chako cha nusu mita na urudie ukwaruzaji wa ukucha.

Mambo yakiharibika

*Nimeshanunua nyingi, nayo inarudi sana.* Ifue yote mara mbili kwa maji ya moto, baada ya kupiga mshono wa zigizaga kwenye ncha zilizokatwa, vinginevyo zitafumuka na kujisokota. Ikikauka, ipakaze maji ya wanga wa muhogo, mepesi sana, kisha pasi. Itakaa imara wakati wa kukata. Mfarishi ukikamilika ufue wanga utoke, kwani wadudu huupenda.

*Rangi haikomi kutoka.* Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, suuza, rudia kwa maji mapya. Chumvi na siki hazitafunga rangi ya kiwandani ambayo haikushika tangu mwanzo. Maji ya suuzo la nne au la tano yakiwa bado na rangi, itenge, uitumie pamoja na rangi nzito tupu.

*Mishono inafanya mawimbi.* Mguu wa cherehani unakandamiza mno, au unavuta kitambaa kwa mikono. Legeza skrubu ya kukandamiza, tumia pini karibu karibu, na acha meno ya cherehani yasogeze kitambaa yenyewe.

*Cherehani inaruka mishono.* Fungua nyumba ya bobini. Utakuta manyoya yamejaa. Yaondoe kwa brashi kila unapobadilisha bobini, usiyapulize kwa mdomo maana yanaingia ndani zaidi. Badilisha sindano, tia tone la mafuta, ushone kwanza kwenye kitambaa cha taka ili mafuta yasiingie kwenye mfarishi.

*Kitambaa kina harufu ya dawa.* Fua mara mbili, anika juani siku nzima. Harufu ikibaki, usikitumie kwa mfarishi wa mtoto mchanga.

*Mfarishi umekwisha na juu unatoa vidonge.* Ulaze mezani, ukaze kwa mkono mmoja, upitishe wembe mpya kwa kuulaza, taratibu, bila kugusa mishono. Tangu hapo uufue ukiwa umegeuzwa au ndani ya foronya kubwa, kwa maji ya uvuguvugu, bila kusugua kwa brashi.